Rivolva ya Zamani: Umri Wake na Bei Yake Ni Maswali Mawili

Tarehe 27 Agosti 2021, jumba la mnada la Bonhams mjini Los Angeles liliuza rivolva moja kwa zaidi ya dola milioni 6 za Marekani. Ilikuwa Colt ya mtindo wa 1873, ile ambayo sherifu Pat Garrett aliitumia kumuua jambazi Billy the Kid huko New Mexico tarehe 14 Julai 1881. Habari za aina hiyo zikishasambaa huwaachia watu imani isiyo na msingi, kwamba bastola yoyote kuukuu iliyosahaulika sandukuni ni hazina, na kwamba kadiri miaka yake inavyozidi ndivyo thamani yake inavyopanda. Hali halisi ni kinyume: rivolva nyingi zilizotengenezwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia huuzwa leo Marekani kwa fedha isiyotosha kununua simu nzuri ya mkononi, ilhali nyingine za miaka ya 1950 huuzwa kwa maelfu ya dola.

Mkanganyiko huu hutokana na kuchanganya maswali mawili yasiyojibiwa kwa ushahidi mmoja. Swali la kwanza ni silaha ilitengenezwa lini, na hilo mara nyingi huweza kujibiwa kwa kukadiria mwaka kamili au miaka michache ya hapa na pale. Swali la pili ni inastahili bei gani, na jibu lake hutegemea imebakiwa na kiasi gani cha hali iliyotoka nayo kiwandani, ni watu wangapi wanaoitafuta, na ni jambo gani linaloweza kuthibitishwa kuhusu maisha yake. Umri wenyewe huingia katika bei kwa njia moja tu ya uhakika, nayo ni ya kisheria.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa ndani ya silinda yenye vyumba, kwa kawaida vitano au sita, na silinda hiyo huzunguka ili chumba kimoja baada ya kingine kikae sawasawa na mtutu. Kiunzi ni kile chuma kikuu kinachobeba sehemu nyingine zote. Nyundo ni sehemu ya nyuma inayogonga risasi mtu anapovuta kifyatulio. Kitako ni ncha ya chini ya mpini, na mbao za mpini ni vile vipande viwili, vya mbao au vya mpira mgumu, vinavyofunika chuma cha mpini kwa pande zote mbili. Msomaji akishika maneno hayo, yatakayofuata hayatamsumbua.

Soko la wazi la silaha hizi lipo hasa Marekani, nchi ambako kampuni za silaha za Colt na Smith & Wesson zilizaliwa na ambako mtu wa kawaida anaweza kurithi rivolva, kuikusanya na kuiuza. Waswahili wanaoishi huko hukutana nazo katika minada ya mirathi na katika maduka ya rehani. Kwetu mambo ni tofauti kabisa. Kenya huzisimamia silaha kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015; kote kuwili umiliki huhitaji kibali, na uzee wa bastola haumpi mtu ruhusa ya kukaa nayo ndani. Aliyekuta bastola katika vitu vya babu aliyewahi kuwa askari wa mkoloni hana haja ya kuulizia bei. Anachopaswa kufanya ni kutoa taarifa polisi. Maelezo haya basi yanahusu soko la Marekani, na yule anayeishi ndani ya sheria za huko.

Jambo la kutangulia ni usalama. Kabla ya kusoma alama yoyote, silinda ifunguliwe na kila chumba kitazamwe kwa macho, kwa kuwa bastola zilizokaa miaka 50 katika droo zimekutwa na risasi ndani yake mara nyingi mno.

Tarehe zinazodanganya

Mtu anayeigeuza rivolva ya zamani mkononi kwa mara ya kwanza hufurahi akiona tarehe juu ya mtutu au ubavuni mwa kiunzi. Kwenye Colt ya mtindo wa 1873 atasoma Septemba 1871, Julai 1872 na Januari 1875; kwenye Smith & Wesson nyingi atasoma Februari 1906, Septemba 1909 na Desemba 1914. Hizo ni tarehe za hataza, yaani siku ambazo serikali ilimpa mvumbuzi haki ya kipekee juu ya uvumbuzi uliomo ndani ya silaha. Ni kama mwaka wa kuanzishwa kiwanda unaochapwa kwenye chupa ya bia: unaeleza jambo la kweli, lakini haukuambii bia iliyomo ilipikwa lini. Colt yenye tarehe za 1871 hadi 1875 inaweza kuwa imetoka kiwandani baada ya mwaka 1900, na Smith & Wesson iliyoandikwa 1914 inaweza kuwa ya miaka ya 1930. Tarehe ya mwisho ya hataza inathibitisha jambo moja tu, kwamba silaha haikutengenezwa kabla yake.

Mtego wa pili ni jina la risasi. Rivolva nyingi zimeandikwa kwenye mtutu maneno ya Kiingereza yanayoanza na namba 38 na kufuatiwa na herufi S&W, na wauzaji wasiojua, na wengine wanaojua sana, huzitangaza kuwa za Smith & Wesson. Maandishi hayo hutaja aina ya risasi inayotumika. Kiwanda chochote kilichotengeneza silaha ya kutumia risasi hiyo kiliweza kuyaandika, na mafundi wa mji wa Eibar nchini Hispania walitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 nakala nyingi zinazofanana kwa umbo na zile za Marekani, nyingine zikiwa na chuma hafifu. Jina la mtengenezaji lazima litafutwe mahali pake, pamoja na nembo yake na anwani ya kiwanda. Kwa Smith & Wesson anwani hiyo ni Springfield, Massachusetts; kwa Colt ni Hartford, Connecticut.

Mtego wa tatu ni namba isiyo namba. Ukifungua silinda ya Smith & Wesson ya zamani utaona namba imepigwa kwenye ule mkono wa chuma unaoishikilia silinda na kwenye sehemu ya kiunzi inayopakana nao. Wengi hukimbilia kuiandika namba hiyo kwenye hati za mauziano, kumbe mara nyingi ni namba ya mafundi wa kiwandani, iliyotumika kuweka pamoja vipande vya silaha moja wakati vikizungushwa kutoka meza hadi meza. Namba ya mfululizo, ile inayohesabiwa kisheria na kihistoria, katika rivolva za Smith & Wesson za karne ya 20 hupigwa chini ya kitako, na ikiwa mtu amefunga mpini mpana usio wa asili huenda imefichika kabisa hadi mpini huo ufunguliwe. Rivolva isiyo na namba ya mfululizo kabisa haimaanishi lazima kwamba imefutwa na mwizi, kwa sababu ni sheria ya mwaka 1968 iliyolazimisha kila silaha iliyotengenezwa Marekani iwe na namba, na kabla ya hapo viwanda vya silaha rahisi viliweza kuiacha. Lakini dalili za tupa au za kusagwa mahali ambapo namba ilipaswa kuwa ni jambo zito: silaha iliyofutwa namba ni kosa la jinai kumiliki, na haina bei.

Namba na chuma vinapozungumza pamoja

Mfano unaofaa zaidi ni rivolva ya Smith & Wesson iliyoitwa Military & Police, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1899 na ambayo baadaye iliitwa Model 10. Imetengenezwa kwa mamilioni, imebebwa na polisi wa miji mingi ya Marekani, na ndiyo inayokutwa mara kwa mara katika droo za marehemu. Namba zake zilianza na 1 na kuendelea bila herufi hadi kufikia milioni moja mwaka 1942. Hapo, vita vikiwa vimepamba moto, kiwanda kilianza mfululizo mpya wenye herufi V, iliyosimama kwa neno la Kiingereza lenye maana ya ushindi. Baada ya vita ilifuata herufi S, kisha C kuanzia mwaka 1948, na D kuanzia mwaka 1968. Kwa hiyo rivolva yenye namba inayoanza na C haiwezi kuwa ya Vita vya Pili vya Dunia, hata kama muuzaji anaapa kwamba baba yake aliibeba vitani Normandy, Ufaransa.

Mwishoni mwa 1944 herufi mbili, SV, zilianza kuonekana, na historia yake inastahili kusimuliwa kwa kuwa inagusa usalama. Baharia mmoja aliuawa na rivolva iliyoanguka kwenye sitaha ya chuma ya meli na kufyatuka yenyewe. Kiwanda kilibuni haraka kipande kipya cha kuizuia nyundo isiigonge risasi pasipo kifyatulio kuvutwa, na S iliyoongezwa mbele ya V ndiyo alama ya kwamba kipande hicho kimo ndani. Rivolva yenye V peke yake inafaa kuchukuliwa kwa tahadhari hiyo, isibebwe ikiwa imejazwa chumba kilicho chini ya nyundo.

Namba inaweza kusahihishwa na chuma chenyewe, na hapa ndipo mtazamaji makini hujipatia uhakika. Rivolva za Smith & Wesson za kabla ya miaka ya katikati ya 1950 zilikuwa na skrubu nne zinazoshika bamba la ubavuni, pamoja na skrubu moja mbele ya kinga ya kifyatulio. Skrubu ya juu ya bamba iliondolewa kuelekea 1955, na ile ya mbele ya kinga ikaondolewa karibu na 1961. Wakusanyaji wakisema "skrubu tano" au "skrubu nne" wanataja vipindi hivyo, na wako tayari kulipa zaidi kwa zile tano. Namba za mitindo, kama Model 10 au Model 27, zilianza kutolewa mwaka 1957, na hupigwa ndani, mahali panapoonekana silinda ikifunguliwa. Mitutu ilikazwa kwenye kiunzi kwa pini ndogo inayopita upande hadi upande hadi pini hiyo ilipoachwa mwaka 1982. Kuanzia 2001 rivolva nyingi za kiwanda hicho zina tundu dogo la ufunguo juu ya kitasa cha kufungulia silinda. Ikiwa namba inasema 1950 na tundu la ufunguo lipo, kuna mtu anadanganya.

Colt huhitaji njia nyingine. Ule mtindo wa 1873 ulitengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, ukasimama, ukarudishwa mwaka 1956 hadi 1974, ukarudishwa tena mwaka 1976. Vizazi hivyo vitatu vinafanana mno kwa macho ya mgeni, lakini tofauti ya bei kati ya kizazi cha kwanza na cha tatu inaweza kuwa kubwa sana, kwa hiyo namba ya mfululizo lazima isomwe kabla ya maneno mengine yote. Zipo pia silaha zenye huruma kwa mnunuzi. Webley Mk VI ya Uingereza, iliyoidhinishwa mwaka 1915 na kubebwa na maofisa wa Kiingereza hadi katika vita vya Afrika Mashariki dhidi ya Wajerumani, kwa kawaida hupigwa mwaka wake kwenye kiunzi, na rivolva ya Kirusi iitwayo Nagant, iliyotengenezwa mjini Tula, nayo huandikwa mwaka waziwazi.

Kwa anayetaka uhakika wa maandishi, Colt na taasisi ya historia ya Smith & Wesson hutoa, kwa malipo, barua inayoeleza siku rivolva yenye namba fulani iliposafirishwa kutoka kiwandani, ilikwenda kwa nani, na ilikuwa na mtutu wa urefu gani na rangi gani. Ni vizuri kufahamu kwamba siku ya kusafirishwa si siku ya kutengenezwa. Viwanda havikuuza kwa kufuata mpangilio wa namba, na silaha nyingine zilikaa ghalani miaka kadhaa.

Sasa ile njia ya kisheria niliyoitaja. Chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1968, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo huhesabiwa kuwa ya kale, na haibanwi na masharti ya shirikisho yanayobana ununuzi wa silaha za kisasa, ingawa majimbo yanaweza kuwa na masharti yake. Kinachohesabiwa ni mwaka wa kutengenezwa kiunzi. Kwa sababu hiyo rivolva mbili zilizo sawa kwa kila kitu, moja ya Desemba 1898 na nyingine ya Januari 1899, zinaweza kutofautiana bei, maana ya kwanza inaweza kutumwa kwa mnunuzi wa jimbo jingine bila kupitia kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Silaha iliyotimiza miaka 50 nayo huingia katika kundi la vitu vya wakusanyaji, ambalo lina leseni yake maalumu na nafuu kiasi.

Kinachotengeneza bei

Tukiacha sheria, uzee peke yake haulipwi. Kampuni za Iver Johnson na Harrington & Richardson ziliuza, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, rivolva ndogo za bei rahisi kwa watu wa kipato cha kawaida, na ziliuza nyingi mno. Ile iliyomuua Rais McKinley mjini Buffalo mwaka 1901 ilikuwa Iver Johnson. Zilizobaki zina zaidi ya karne moja, lakini mkusanyaji hazitafuti kwa bidii kwa sababu ni za kawaida na nyingi zimechakaa, na za mwanzo zilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi, hivyo risasi za leo zinaweza kuzipasua. Ni vitu vya kuwekwa kwenye kabati ya kioo, kwa bei ya kitu cha kuwekwa kwenye kabati ya kioo.

Kinacholipwa kwanza ni uasili. Wakadiriaji wa Marekani huhesabu ni asilimia ngapi ya rangi ya kiwandani imebaki juu ya chuma, iwe ile nyeusi yenye kuvutia kwenye bluu ambayo hutokana na kuuchemsha au kuuchoma uso wa chuma, iwe nikeli inayong'aa. Kutoka asilimia 95 kushuka hadi 60 bei inaweza kupungua kwa zaidi ya nusu kwa mitindo inayotafutwa, na chini ya hapo tofauti huwa ndogo. Hapa ndipo warithi wengi hujiumiza wenyewe. Wakiona chuma kimefifia na kuwa kijivu, huipeleka silaha kwa fundi ili ipakwe upya ipate kuuzika, na wanapoirudisha iking'aa huwa wamempunguzia mnunuzi wa dhati sababu ya kuinunua. Wengine huichubua kutu kwa msasa au brashi ya waya. Kitambaa laini na mafuta mepesi vinatosha.

Kuitambua silaha iliyopakwa upya si kazi ya mtaalamu peke yake. Fundi akisugua chuma kabla ya kukipaka, kingo zilizokuwa kali huviringika, maandishi hufifia upande mmoja kuliko mwingine, na mashimo ya skrubu hubonyea pembeni kama visahani. Dalili nzuri zaidi kwa Smith & Wesson ni nyundo na kifyatulio: kiwandani vilikuwa kwa kawaida na rangi zenye mawimbi ya kahawia na samawati zinazotokana na kuimarishwa kwa moto, kwa hiyo ukikuta nyundo nyeusi tii au yenye nikeli, jua kuna mkono mwingine uliopita hapo. Rivolva za V za wakati wa vita zilitoka na uso wa kijivu cheusi usio na mng'aro, mbao laini zisizochongwa, na kipete cha kamba chini ya kitako. V inayong'aa kama kioo imepambwa baadaye. Ikiwa kuna alama ya nyota karibu na namba chini ya kitako, silaha ilirudi kiwandani kufanyiwa kazi, na tarehe ya kazi hiyo huweza kupigwa kwenye chuma cha mpini chini ya mbao. Hilo ni afadhali kuliko kazi ya fundi wa mtaani, ila bado si rangi ya kwanza.

Mbao za mpini nazo zifunguliwe kwa bisibisi inayokaa sawasawa kwenye skrubu. Ndani ya ubao wa kulia wa Smith & Wesson za zamani mara nyingi pameandikwa namba ileile ya kitako, na namba hiyo hupaswa kuonekana pia nyuma ya silinda na chini ya mtutu. Zote zikilingana, bei hupanda. Silinda yenye namba nyingine huishusha. Mpini wa pembe za ndovu ni mtihani mwingine: kanuni za shirikisho za mwaka 2016 zilibana sana biashara ya pembe nchini Marekani, na majimbo kama New York na California yana makatazo yake, hivyo pambo lililoongeza thamani zamani linaweza leo kuifanya silaha isiuzike kwa mpini wake.

Baada ya sura hufuata mwili. Silinda ikiwa imefungwa na nyundo imepandishwa, haipaswi kucheza sana kushoto na kulia, wala mbele na nyuma. Nyundo ikipandishwa polepole kwa kila chumba, silinda inapaswa kujifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Ikichelewa, risasi itaingia mtutuni kwa upande na kumrushia mpigaji vipande vya madini. Nyundo iliyopandishwa ikisukumwa kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio, isianguke. Mtutu utazamwe kwa mwanga, kwa kuwa kivuli cha mviringo kama pete ndani yake ni alama ya uvimbe uliosababishwa na risasi iliyokwama. Na yule anayeifunga silinda kwa kuirusha kwa mkono mmoja, kama wanavyofanya kwenye sinema, aombwe aiweke chini kabla hajaupinda ule mkono wa chuma unaoishikilia.

Mabadiliko mawili yanastahili onyo la pekee kwa sababu yanaonekana kama maboresho. Marekani iliipatia Uingereza wakati wa vita mamia ya maelfu ya rivolva za V, vyumba vyake vikiwa vimetobolewa kwa kipimo cha risasi ya Kiingereza iliyo fupi na pana kidogo. Baada ya vita nyingi zilirudi Marekani, na wafanyabiashara wakazirefusha vyumba ili zikubali risasi ya .38 Special iliyokuwa ikipatikana kila duka, na nyingine wakazikata mitutu na kuzipaka nikeli. Risasi hiyo nyembamba hulegea ndani ya chumba kipana, na ganda lake huvimba au kupasuka. Alama za majaribio za Kiingereza kwenye silinda na mtutu, zenye taji juu ya herufi, humwambia mnunuzi kwamba anatazama silaha iliyopitia Uingereza na kwamba vyumba vyake vinahitaji kuchunguzwa. Webley zenye risasi ya .455 nazo zilikatwa nyuma ya silinda ili zitumie risasi ya .45 ya bastola ya Kimarekani, ambayo msukumo wake unazidi ule ambao Webley iliundiwa. Zilizobaki bila kukatwa ni chache kwenye soko la Marekani, na ndizo zenye bei.

Hadithi na hati

Silaha ya Garrett haikuuzwa kwa dola milioni 6 kwa ajili ya chuma chake. Mwaka 2016 jumba la Christie's mjini Paris liliuza kwa euro 434,500 rivolva ndogo ya aina ya Lefaucheux ambayo mshairi Verlaine alimpigia risasi mshairi mwenzake Rimbaud mjini Brussels mwaka 1873, na mwaka 2019, mjini Paris vilevile, Lefaucheux nyingine iliyoliwa na kutu hadi haifai kwa lolote iliuzwa kwa euro 162,500 kwa kuwa iliokotwa katika shamba la Auvers-sur-Oise, mahali ambapo inaaminika mchoraji Van Gogh alijipiga risasi mwaka 1890. Kesi ya Van Gogh inafundisha zaidi kuliko nyingine, kwa maana hakuna aliyeweza kuthibitisha bila shaka kwamba ndiyo yenyewe. Walionunua walilipia ulinganifu wa mahali, aina ya risasi na muda ambao chuma kilikaa ardhini.

Muuzaji wa kawaida hana ushahidi wa namna hiyo, ila ana hadithi. Babu alikuwa polisi, mjomba aliipata kwa afisa wa Kijerumani. Kanuni ya wakusanyaji ni kulipia silaha na kuacha kulipia simulizi, mpaka simulizi ije na barua ya kiwanda inayotaja jina, hati ya jeshi yenye namba ya mfululizo, au angalau picha ya zamani pamoja na maelezo yaliyotiwa saini. Mkoba wa asili na sanduku la kiwandani lenye namba hiyohiyo ni ushahidi pia, na sanduku la karatasi la miaka ya 1930 peke yake linaweza kuuzwa kwa mamia ya dola.

Limebaki suala la kuipata bei yenyewe, na hapa kosa la kawaida ni kutazama bei zinazoombwa. Mtu anaweza kuomba dola 3,000 kwa miaka mitano bila kupata mteja. Kinachohesabika ni bei ambazo mitindo hiyohiyo, yenye hali inayofanana, imeuzwa katika miezi ya karibuni, na tovuti kubwa za minada ya silaha za Marekani huruhusu kuzitafuta zilizokwisha kuuzwa. Bei hizo pia hubadilika na mambo yasiyohusu silaha yenyewe. Nagant za Kirusi ziliuzwa zamani Marekani kwa dola zisizofika 100 wakati meli zilipokuwa zikizileta kwa makasha. Uagizaji ulipokauka bei ikapanda mara kadhaa, ingawa hakuna hata moja iliyogeuka kuwa bora.

Tuchukue mfano wa kukisia. Tuseme Military & Police ya miaka ya mwanzo ya 1950, yenye skrubu tano, namba zinazolingana na asilimia 85 ya rangi yake ya kwanza, imefikia dola 500 mnadani. Mnunuzi anaweza kutozwa ada ya asilimia 20 juu yake, hivyo atatoa 600. Muuzaji anaweza kukatwa kamisheni ya asilimia 15, hivyo atapokea 425. Duka linalotaka kuiuza kwa 550 huenda likampa 325, nalo halijamwibia, kwa kuwa limebeba kodi ya pango, leseni na hatari ya kukaa nayo mwaka mzima. Watu wawili wanaouziana bila dalali watakutana kihalali mahali fulani kati ya 425 na 600, na ikiwa silinda inacheza, gharama ya fundi bunduki hutolewa hapo. Katika majimbo kadhaa, hata mauziano ya majirani lazima yapitie kwa mfanyabiashara mwenye leseni ili mnunuzi achunguzwe rekodi zake, na ni vyema wakubaliane mapema nani atalipa ada ya huduma hiyo.